Ukurasa wa Kumi na Mbili

Wilondja alinipa Jumamosi moja tu.

"Saa tisa kamili," aliniambia kwenye simu. "Mutabisha, tutauliza, mutajibu. Nikifunga mlango siufungui tena. Sina nguvu ya kuchezewa mara mbili, Papa Balagizi."

Ilikuwa Agosti 2021, na mlango wenyewe ulikuwa kioo cha kompyuta. Wilondja alikaa Granville, mimi Seven Hills. Siku za kawaida ningefika kwake kwa treni kabla sijamaliza gazeti. Lakini Sydney ilikuwa kwenye lokdauni tangu mwisho wa Juni, na upande wetu wa magharibi ulibanwa kuliko kwingine. Mtu hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka kwake wala kuingia nyumba ya mwenzake, na helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa yetu kama mwewe anayehesabu vifaranga. Kwetu Kivu, watu wanaokwenda kuposa husimama nje wakiwa wamevaa vizuri, mpaka wenye nyumba waridhike na kuwaambia ingieni. Sisi tungesimama nje ya kioo.

Nilikuwa mshenga wa Curtis Lindegaard, mzungu wa miaka thelathini na sita kutoka Nebraska, mashambani katikati ya Amerika. Alikuwa fundi wa mitambo ya baridi kwenye ghala la vyakula nililofanyia kazi miaka kumi na minne. Baba na mama yake walikwisha kufa. Alitaka kumwoa Yvette, binti wa Wilondja, aliyekuwa akitunza wazee kwenye makao yao. Walikutana kwenye karamu ya kuniaga kazini. Yvette alikuja kumsaidia mke wangu Chibalonza kupanga sambusa, na Curtis akasimama mbele ya meza ile mpaka sambusa zikaisha. Kwa hiyo aliponijia na kusema hana mzee wa kumsemea, nilimwambia anaye.

Wilondja hakuuliza kijana anapata kiasi gani. Aliuliza watu wake ni nani. Alikuwa na sababu. Binti yake mkubwa, Clarisse, aliolewa wakati wakiwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na mtu aliyesifiwa sana na mshenga wake. Baada ya miaka miwili ikajulikana kwamba bwana huyo alikuwa na mke na watoto Kampala. Mshenga alijua tangu mwanzo. Alipoulizwa kwa nini alinyamaza, alijibu kwamba hakuna aliyemwuliza.

Curtis alikuwa na shangazi mmoja tu, dada wa baba yake, bibi wa miaka themanini aitwaye Marlene, huko huko Nebraska. Nilimwambia Curtis amwombe habari za ukoo. Marlene akatuma kurasa kumi na moja alizozipiga chapa mwenyewe, zote juu ya Rasmus, babu yake yeye Marlene, mtu wa kwanza wa ukoo huo kutoka Denmark kwenda Amerika. Nilizisoma peke yangu mezani, na kamusi, na kalamu ya wino. Sikutaka msaada. Kifaransa nilikipata Bukavu kwenye masomo ya jioni, nikitoka kiwandani na vumbi kichwani. Kiingereza nilikipata Granville, jioni pia, nikiwa na miaka sitini na mmoja, nikikaa dawati moja na watu wa umri wa wajukuu wangu. Kurasa kumi na moja hazikunishinda. Kufikia Jumatano nilikuwa namjua Rasmus kama jirani.

Alhamisi asubuhi Marlene akatuma ukurasa wa kumi na mbili.

Sheria iliruhusu watu wawili kufanya mazoezi nje, kwa hiyo mimi na Curtis tulikuwa tukizunguka uwanja wa mpira, barakoa usoni, nafasi kati yetu. Siku hiyo alikuja na karatasi mkononi.

"Shangazi anasema hii ilikuwa kwenye kopo la biskuti, kwa Kidenmark, na ameigeuza Kiingereza mwenyewe," alisema. Kati yetu tulizungumza Kiingereza, ingawa Kiswahili kidogo alikuwa nacho. "Anasema alikusudia kufa nayo. Lakini kama kuna watu duniani ambao bado wanauliza kabla ya kutoa binti, basi wajibiwe."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaanza tena mwanzo.

"Utawaambia?" aliuliza.

"Mshenga ni mimi."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

"Mshenga si shahidi wa kumshtaki mtu wake. Anaeleza mema. Wakiuliza, anajibu walichouliza. Mambo haya yana miaka mia moja na thelathini, Curtis. Wote ni udongo."

Tulimaliza robo nzima ya uwanja. "Hawana majina," alisema. "Umeona? Karatasi haitaji majina yao."

"Majina hayatusaidii kitu," nilimwambia. "Jumamosi vaa tai. Zima sauti yako. Kwetu mwoaji hasemi neno siku hiyo, hata nyumba ikiungua."

Nyumbani Chibalonza alinitazama nikipiga suti pasi.

"Huyo shangazi ametuma nini?"

"Karatasi."

"Ya nini?"

"Ya zamani."

"Hm," alisema, akarudi kwenye sufuria yake ya sombe, majani ya muhogo. Miaka arobaini na nane tumeishi pamoja. Akisema hm, amemaliza kusoma.

Jumamosi saa tisa kamili tulibisha. Kwenye kioo palikuwa na vijumba vitatu. Changu, mimi na suti na saa ya ukutani nyuma yangu. Cha Curtis, tai imemkaba kama kamba ya mbuzi. Na cha nyumba ya Wilondja: Wilondja mwenyewe kwenye kiti, mkewe Goreth pembeni, na Salvator, mdogo wake Wilondja waliyekaa naye nyumba moja, ambaye ndiye msemaji wao. Yvette alifungiwa chumbani, kama inavyotakiwa.

"Hodi," nilisema.

"Hodi ya nani?" Salvator aliuliza. "Siku hizi wanaobisha ni polisi na watu wa chakula."

"Hodi ya wageni. Tumeona ua kwenye shamba lenu."

"Sisi hatuna shamba. Tuna balkoni."

"Basi tumeliona kwenye balkoni."

Goreth alicheka. Wilondja hakucheka.

"Mwenye kutaka ua ni nani, na watu wake ni nani?" Salvator aliuliza. "Huyu wa tai tunamwona. Waliomzaa hatuwaoni."

Nikaanza. "Babu wa baba yake aliitwa Rasmus. Alizaliwa Jutland, nchi ya Denmark, kwenye shamba la mchanga ambalo halikuwa la baba yake. Mwaka 1887, akiwa na miaka ishirini na miwili, alipanda meli na sanduku moja la mbao. Amerika alipanda treni mpaka reli ilipoishia. Kutoka hapo alitembea."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Sisi kutoka Fizi tulitembea kumi na tisa. Endelea."

"Nchi aliyofika haikuwa na mti wala jiwe. Alikata ardhi yenyewe pamoja na nyasi zake, vipande kama matofali, akajenga nyumba ya udongo ulio hai. Mvua ikinyesha leo nje, ndani hunyesha kesho."

"Na nyoka?" Goreth aliuliza.

"Walidondoka kutoka darini, mama. Iko ukurasa wa tatu."

Niliwaeleza baridi kuu ya Januari 1888. Asubuhi ile ilikuwa na joto, watu wakatoka bila makoti. Mchana upepo wa theluji ukaanguka ghafla, mtu akinyoosha mkono haoni vidole vyake. Rasmus alikuwa mtoni na ng'ombe wake mmoja. Alijilaza ubavuni mwa ng'ombe mpaka kukacha. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto.

"Na ng'ombe?" Wilondja aliuliza. Ndilo neno lake la kwanza.

"Alipona."

"Vizuri."

Nilipata nguvu. Niliwaambia kwamba mahindi peke yake hayakumlisha, kwa hiyo Rasmus akawa mchimba visima wa majirani. Alishuka na sururu mita thelathini, mahali pengine zaidi, kwenye shimo pana kama meza hii, na udongo ukapandishwa kwa ndoo. Hapo Wilondja alisogea mbele. Ujanani alichimba dhahabu Misisi. Shimo alilijua kuliko mimi.

"Juu alikuwa nani? Nani alishika kamba?"

"Mdenmark mwenzake. Mads."

"Aliwahi kuiachia?"

"Hapana. Miaka ishirini."

Wilondja alitikisa kichwa polepole, akikubali. "Mutu wa shimoni hamuulizi wa juu jina lake wala kabila lake," alisema. "Anauliza kitu kimoja. Kama aliwahi kuiachia kamba."

Nikaendelea. Niliwaambia alivyojenga kanisa na wenzake, alivyomwoa Ane mwaka 1893, alivyozika binti kwenye homa kuu ya 1918 bila majirani kuruhusiwa kuja. Niliwaambia alikufa 1931 akiwa na ng'ombe arobaini na wana watano. Nilifunga kalamu yangu. Nilidhani tumevuka.

"Nina swali moja limebaki," Salvator alisema. Sauti yake haikuwa na mchezo tena. "Huyu Rasmus. Kule alikotoka, aliacha nini?"

Nilijua swali hilo lingekuja. Tangu Clarisse, ndilo swali lao. Na jibu nilikuwa nalo tayari, nimelifanyia mazoezi bafuni: aliacha shamba la mchanga na wazazi wazee. Lilikuwa kweli. Nilifungua mdomo.

Halikutoka. Nilibaki hivyo, mdomo wazi, macho kwenye kamera, sisogei.

"Papa Balagizi?" Salvator aliita. "Papa? Ameganda."

"Ni rezo, mtandao umekwama," Goreth alisema.

"Angalia mdomo. Kama samaki wa Tanganyika kwenye barafu. Subiri nimpige picha, tutamwonyesha siku ya harusi."

"Mwache mzee wa watu." Goreth aliongea chini chini, kama mtu anayeongea nyumbani kwake. "Afadhali rezo mbaya na mutu mzuri. Tungekuwa na yeye kule kambini, Clarisse hangekuwa analala chumbani kwangu na mtoto wake leo."

"Ndiyo sababu nilikubali," Wilondja alisema. "Mzungu simjui. Balagizi namjua."

Sikupepesa. Kidole changu kilikuwa karibu na kitufe chekundu cha kukata mawasiliano. Ningekibonyeza, kila mtu angelaumu rezo, na jioni ningepiga simu nikiwa na jibu langu la mchanga. Wao hawakuona kitu. Lakini Curtis aliona. Fundi hutazama mashine kwanza. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani nyuma yangu, ambayo mshale wake wa sekunde ulikuwa ukizunguka. Hakusogea, hakufungua sauti. Aliningoja.

"Sikuganda," nilisema.

Salvator aliruka kwenye kiti.

"Sikuganda. Nilikuwa natafuta uongo."

Nikaichukua ile karatasi mfukoni. Niliwasomea kwa Kiswahili, nikigeuza neno kwa neno. Ilikuwa barua ya mwaka 1891, kutoka kwa mchungaji wa parokia moja ya Jutland kwenda kwa mchungaji wa Wadenmark wa Nebraska. Ilisema: Katika kanisa langu yupo mwanamke mwenye mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mume wake Rasmus aliondoka na kusema atawatumia tiketi baada ya miaka miwili. Barua zimekoma. Mwanamke anauliza kama mumewe yu hai au amekufa, ili ajue avae nguo gani.

"Na nyuma ya barua yenyewe," nilisema, "mchungaji wa Nebraska ameandika kwa kalamu nyingine. Yu hai. Ameniomba nisijibu."

Kwenye kijumba chao nilisikia friji ikinguruma.

"Na mwaka 1893," Wilondja alisema, "akamwoa huyo Ane."

"Mchungaji huyo huyo ndiye aliyewafungisha ndoa."

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Na leo ukavaa suti ukaja kubisha."

"Nikaja."

"Salvator asingeuliza, ungesema?"

Hapo tena ningeweza kujiokoa. "Hapana," nilisema.

Goreth, aliyenisifu dakika mbili zilizopita, aliinuka akatoka mbele ya kamera. Kiti chake kilibaki kitupu, na kiti kile kilinitazama vibaya kuliko mtu.

Wilondja aliweka mikono magotini. "Huyo mtoto," alisema. "Aliitwa nani?"

Nilitazama karatasi ingawa nilijua. "Haikuandikwa."

"Kurasa kumi na mbili. Ng'ombe ameandikwa, nyoka wameandikwa. Mtoto hakuandikwa."

"Ndiyo."

"Basi sikiliza, Balagizi." Hakusema Papa. "Sijafunga. Sijafungua. Nyumba isiyojua hata jina la mutu iliyemwachia kamba, itamwachia mwingine. Mulete jina Jumamosi ijayo. Musipoleta, musibishe."

Kioo kikawa cheusi.

Chibalonza alikuwa mlangoni nyuma yangu. Sijui alisimama hapo tangu lini. "Sasa kula," alisema.

Barua ilitaja parokia, na vitabu vya makanisa ya Denmark vimepigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao, mtu yeyote aweza kusoma. Nilimpigia Curtis nikamwambia aniachie mimi. Yeye alikuwa na zamu, na vipimo vya pua kila siku tatu ili aruhusiwe kuingia kazini. Mimi nilikuwa na muda, na nilikuwa na deni la aibu. Nilikaa mbele ya kompyuta siku nne. Maandishi yale ni kama nyayo za kuku kwenye majivu. Nilijitengenezea jedwali la herufi na la maneno ya Kidenmark kwenye daftari, kama nilivyofanya Bukavu nilipojifunza hesabu za herufi, nikaenda mstari kwa mstari. Macho yalivimba. Jumatano mchana nilimpata: amebatizwa Oktoba 1886, baba Rasmus Lindegaard, kibarua wa shamba. Nikamtafuta mbele zaidi, kwenye orodha ya vijana waliopata kipaimara mwaka 1900. Alikuwepo, wa tatu kutoka mwisho. Chini ya baba, mchungaji aliandika: yuko Amerika.

Nilimwita Chibalonza aje aone. Niliandika jina kwenye daftari kwa wino, nikapiga mstari chini yake, nikafunga kompyuta. Nilijisikia mwanafunzi aliyeshinda mtihani. Safu iliyofuata kwenye kitabu kile sikuisoma.

Jumamosi ya pili haikuwa na mizaha. Wilondja na Salvator walikaa bega kwa bega. Kiti cha Goreth kilikuwa kitupu bado.

"Hodi," nilisema.

"Sema," Salvator alijibu.

"Mtoto aliitwa Anton. Alibatizwa, alikua, alipata kipaimara akiwa na miaka kumi na minne. Zaidi ya hapo sikumwona."

"Anton," Wilondja alisema. Alilisema tena polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Salvator aliliandika kwenye bahasha. Niliona mabega ya Wilondja yakishuka kidogo, na yangu yakashuka pia.

"Na mama yake?"

Sauti ya Goreth ilitoka nje ya picha, upande wa jikoni.

Nilifungua daftari langu, ingawa nilijua hakuna kitu. "Mama Goreth, tuliagizwa jina la mtoto."

"Aliyewaagiza ni bwana wangu. Mimi sikusema kitu. Sasa nauliza. Yule aliyetaka kujua avae nini. Alikuwa na jina, ama alikuwa nguo tu?"

Salvator alimtazama kaka yake. Kaka yake alinitazama mimi. Siku nne nimekaa mbele ya kitabu kile, na mwanamke alikuwa pembeni ya kidole changu, sikumwona. Sikuwa na pa kujificha. Hata hila ya kuganda nilikwisha kuitumia.

"Sina jina lake," nilisema.

Wilondja alishika mikono ya kiti kama mtu anayetaka kuinuka.

Ndipo kijumba cha Curtis kikatoa sauti. Kwanza kikohozi, kisha kelele ya magari. Alikuwa amekaa ndani ya gari lake nje ya ghala, na ile tai.

"Karen," alisema. Kisha kwa Kiswahili, polepole, na ilionekana amekifanyia mazoezi: "Anaitwa Karen Marie. Hakuolewa tena. Alifua nguo za watu. Alikufa mwaka 1924, alizikwa kanisani pale. Mimi nilimtafuta yeye kwanza."

Nilimkodolea macho. Nilimwambia aniachie mimi, na hakuniachia.

"Kwa nini yeye kwanza?" Goreth aliuliza.

Curtis alitafuta maneno. "Kwa sababu yeye ndiye aliuliza," alisema. "Na sisi hatukumjibu."

Hakusema Rasmus hakumjibu. Alisema sisi.

Salvator aliweka kalamu chini. "Mwoaji amesema siku ya kubisha," alisema. "Kwetu hiyo ni faini ya mbuzi."

"Nyamaza, Salvator," Wilondja alisema.

Goreth aliingia kwenye picha akijifuta mikono kwenye kitenge, akakaa kwenye kiti chake. Hakuniangalia. Alimwangalia Curtis, muda mrefu, kama mtu anayesoma tarehe kwenye kopo kabla ya kulinunua. Kisha alimgusa mumewe mkono.

"Lokdauni ikiisha," Wilondja alisema, "mutashuka stesheni ya Granville, mutakuja kwa miguu. Mutabisha mlango wa mbao. Siku hiyo mutaanza na Karen na Anton. Rasmus atafuata nyuma, na ng'ombe wake." Alinigeukia. "Na wewe utakuja nao, Papa Balagizi. Lakini swali la kwanza nitakuuliza wewe."

"Nitajibu," nilisema.

Kutoka chumba cha ndani cha nyumba yao tulisikia mlango ukifunguliwa, na Yvette akiuliza kwa Kiingereza kama sasa anaweza kutoka. Hakuna aliyemjibu, kwa hiyo alitoka.

Nilipozima kompyuta nilichukua kalamu. Kwenye daftari, juu ya jina la Anton, ulibaki mstari mmoja mtupu. Ulitosha.